Nimebaki na ovari moja baada ya kansa, na sasa namnyonyesha mwanangu. Ulizeni habari ya uzazi kabla ya kisu

#1 BintiKirumba (mleta uzi)

Habari za usiku ndugu zangu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu juzi kliniki nilikaa benchi moja na binti wa miaka 19, ameshika bahasha ya kaki yenye majibu ya utrasaundi. Mama yake alikuwa pembeni analia kwa sauti ya chini, "Mwanangu hata hajaolewa." Binti mwenyewe alikuwa mkavu. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, wakishatoa hiki kitu, mtu anazaa?" Nikageuka nimwonyeshe mtoto mgongoni. Hapo hapo nikaitwa dirishani, na niliporudi hawakuwepo. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka 24, nafundisha chekechea Mwanza. Tumbo likaanza kujaa chini upande wa kulia. Nilitibiwa UTI, nikatibiwa taifodi, nikapewa dawa za minyoo. Siku zangu zikavurugika. Rafiki yangu akaninunulia kipimo cha mimba cha mkojo, nikapimia chooni asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mistari miwili. Mmoja umekolea, wa pili umefifia kama wino uliodondokewa na maji. Nilikiweka kwenye ukingo wa dirisha, nikakitazama mpaka nikachelewa gari.

Mchumba wangu alifurahi. Mama alikasirika kwa sababu mahari ilikuwa haijamalizika. Wiki mbili baadaye utrasaundi ikaonyesha kizazi kitupu, na pembeni yake uvimbe wa sentimita 14.

Kuna uvimbe wa ovari unaotoa homoni ile ile ya mimba, hCG. Kipimo kilisoma homoni iliyokuwepo kweli, ila haikutoka kwa mtoto. Kwa hiyo binti akipima mkojo ukaonyesha mimba na utrasaundi haioni mimba popote, msiishie kumgombeza wala kumwambia imeharibika. Atazamwe na ovari zake.

#2 BintiKirumba

Naendelea. Hospitali ya kwanza, ambayo jina lake naliacha, walinipangia upasuaji kesho yake. Saa kumi jioni nikaletewa fomu ya ridhaa. Ilikuwa imeshaandikwa: kutoa kizazi na ovari zote mbili. Nikapewa kalamu. Nilikuwa tayari kutia saini, kwa sababu nilipoambiwa kansa nilisikia kifo tu, mengine yote yaliyosemwa siku ile yalipita juu ya kichwa changu.

Mama mdogo wangu ni mkunga mstaafu. Alifika na chakula, akaichukua ile fomu, akaisoma mara mbili. Akamfuata daktari na kumuuliza kwa adabu kabisa: "Daktari, huyu binti ana miaka 24. Mmeshajua ni aina gani ya uvimbe? Na ile ovari ya pili ina nini?" Jibu lilikuwa kwamba kutoa vyote ndiyo usalama. Mama mdogo akaomba rufaa. Tulipata siku ya tatu, tukapanda basi kwenda Dar.

Maswali yale mawili ndiyo yaliyonipatia mwanangu. Sisemi tumkatalie daktari kisu. Uvimbe wa namna ile haupaswi kukaa. Nasema tuulize kabla, kwa sababu kilichotolewa hakirudi.

Dar nilikutana na daktari bingwa wa saratani za wanawake, akanichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Kansa ya ovari si ugonjwa mmoja. Inayowapata wengi zaidi, hasa kina mama wa umri mkubwa, huanzia kwenye utando wa juu wa ovari au kwenye mrija wake. Lakini kwa mabinti na wanawake wa miaka ya ishirini mara nyingi ni aina nyingine, inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza mayai. Hii ya pili mara nyingi hukaa ovari moja, na inasikia kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, vizuri mno. Ikiwahiwa, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hupona. Kwa hiyo kwa binti wa aina hii, kuacha kizazi na ovari nzima iliyobaki ndio utaratibu wenyewe wa tiba. Daktari hakufanyii hisani.

Kabla ya kisu nilitolewa damu kupima AFP, hCG na LDH, vitu ambavyo uvimbe wa aina hii unaweza kuvipandisha kwenye damu. LDH yangu ilikuwa juu sana. Nilidhani watanichoma sindano tumboni wachukue kinyama kwanza, akanieleza kwa nini hawafanyi hivyo: uvimbe wa ovari ukitobolewa unaweza kumwaga seli tumboni. Wanautoa mzima pamoja na ovari yake na mrija wake, wanaosha tumbo kwa maji na kuyapeleka maabara, wanachukua vipande vya utando wa mafuta ya tumbo na kukagua kila kona. Kizazi na ovari ya pili, kama vinaonekana vizima, vinabaki kusubiri majibu ya patholojia, yaani maabara inayochunguza uvimbe uliotolewa. Majibu yakidai zaidi, utarudishwa chumba cha upasuaji. Kurudi mara ya pili ni kuzito, najua, lakini kunavumilika.

Yangu iliitwa disjeminoma, mojawapo ya zile za chembe za mayai. Hatua ya kwanza, ila ganda la uvimbe lilikuwa limeshachanika, kwa hiyo kemo ilikuwa lazima.

#3 BintiKirumba

Kemo nilipata Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Waliofika wanalijua lile jengo la Wajerumani, kuta nene, bahari ng'ambo ya barabara. Nilipewa dawa tatu zinazoitwa kwa kifupi BEP: bleomisini, etoposidi na sisplatini. Siku 5 mfululizo za dripu, halafu bleomisini mara moja kwa wiki, na kila baada ya siku 21 unaanza upya. Mizunguko mitatu.

Nywele ziliondoka siku ya 16. Masikio yalilia kama nzige usiku kucha. Mgongoni nikatoka mistari myeusi ya kupinda, kama mtu aliyechapwa fimbo. Dada yangu alipokuwa akinisugua aliiona akanyamaza. Ni bleomisini hiyo, na mistari bado ipo mpaka leo, imefifia.

Hedhi ilikatika mzunguko wa pili. Hapa ndipo nililia kuliko nilipoambiwa kansa. Daktari alisema kwa dawa hizi wengi wa umri wangu hedhi hurudi, nisubiri. Ilirudi mwezi wa tano baada ya dripu ya mwisho. Nilikuwa darasani, watoto wanaimba. Nilikwenda chooni nikapiga magoti kwenye ile sakafu, nikamshukuru Mungu.

Kuhusu mchumba. Nyumbani kwao walituma wazee kusema wanaomba kusitisha. Walitumia neno "nusu". Sitaliandika zaidi ya hapo. Ila nataka mabinti wajue jinsi mwili unavyofanya kazi: ovari mbili hazipeani zamu kwa mwezi mmoja mmoja kama walinzi. Ikibaki moja, hiyo hiyo inatoa yai kila mwezi. Na mrija wa upande wa pili, ukiwepo, unaweza hata kulidaka yai la upande huu. Mtu mwenye ovari moja hana nusu ya hedhi wala nusu ya ujauzito.

Niliambiwa nisishike mimba kwa miaka 2. Sababu ni mbili. Mayai yaliyokuwa yakikomaa wakati wa kemo yanapaswa kupita, na hilo huchukua miezi kadhaa. Na kansa ikitaka kurudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, kipindi ambacho daktari anahitaji kukupima bila mimba kuchanganya majibu. Nilitumia uzazi wa mpango muda wote huo, na nilihudhuria kliniki kila miezi 3.

#4 Mzee wa Majani

Pole sana binti. Mimi ninazo dawa za asili za kusafisha kizazi na kuamsha ovari iliyolala. Mgonjwa anaweza kuzitumia sambamba na hiyo kemo. Anayehitaji aje inbox.

#5 BintiKirumba

Shikamoo mzee. Nakujibu kwa heshima, ila nakujibu hapa mbele ya watu ili walio kwenye dripu wasome. Sisplatini inapita kwenye figo, ndiyo maana tunawekewa chupa za maji kabla na baada yake. Wodini nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa akinywa mizizi kwa siri. Vipimo vya figo vikaharibika, kemo ikasimamishwa wiki 3, na uvimbe haukusimama kumsubiri. Hakuna kizazi kinachohitaji kusafishwa baada ya kemo. Mgonjwa yeyote anayetaka kunywa chochote, hata chai ya majani ya nyumbani, kwanza amwambie daktari wake.

#6 Nesi wa Zamu

Dada BintiKirumba, asante kwa uzi huu. Mimi ni nesi wa wodi ya saratani, Nairobi. Naongezea kuhusu kuhifadhi mayai, kwa maana naulizwa kila wiki na mara nyingi naulizwa kemo ikiwa imeshaanza.

Kugandisha mayai kunawezekana huku kwetu. Watoto wa kwanza wa kupandikizwa Nairobi, yaani mimba iliyotungwa maabara, walizaliwa 2006, na kliniki zimeongezeka Nairobi, Kampala na Dar. Mwanamke anachomwa sindano za homoni siku 10 hadi 14, kisha mayai yanatolewa kwa sindano kupitia ukeni. Kwa kansa ya ovari hili lina uangalifu wake: ovari yenye uvimbe haichomwi. Kama linafanyika, mara nyingi ni baada ya upasuaji, kwenye ovari iliyobaki, kabla ya dripu ya kwanza, na daktari wa saratani aseme kwamba kusubiri wiki hizo mbili hakumdhuru mgonjwa. Gharama ni kubwa na wengi hujilipia mfukoni, kwa hiyo ombeni hesabu yote kwa maandishi, pamoja na ada ya kila mwaka ya kutunza.

Kuna pia kugandisha kipande cha ovari chenyewe. Mtoto wa kwanza kwa njia hiyo alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004. Lakini kwa mwenye kansa ya ovari tunaogopa kurudisha seli za ugonjwa pamoja na kile kipande, kwa hiyo asiyejua asiuziwe kama suluhisho jepesi.

Wengine hupewa sindano ya goserelini kila mwezi chini ya ngozi ya tumbo, kulaza ovari wakati wa kemo. Ushahidi wake wenye nguvu umetoka kwa wagonjwa wa kansa ya matiti. Inaweza kuongezwa, isichukuliwe kama mbadala wa kuhifadhi mayai.

Na kipimo cha AMH kikitoka chini msikate tamaa. Kinakisia wingi wa mayai yaliyosalia. Hakisemi kama mwezi huu utashika mimba au hutashika. Nimeona wenye AMH ya chini wakija na tumbo.

#7 Hadija wa Pili

Shoga yangu nimesoma kwa machozi. Naomba niwasemee ambao jibu letu lilikuwa hapana.

Mimi nilikuwa na miaka 34, sina mtoto. Yangu ilikuwa ile ya utando wa juu, hatua ya tatu, imeshasambaa kwenye mafuta ya tumbo. Niliuliza swali lile lile. Daktari alivuta kiti akakaa, akaniambia kuacha ovari au kizazi hufikiriwa ugonjwa ukiwa bado mwanzoni kabisa, ndani ya ovari, na seli zake si kali. Kwangu kuacha kungekuwa kuniacha na kansa. Nikatolewa vyote, nikapigwa kaboplatini na paklitaxeli mizunguko 6.

Bila ovari hedhi ilikoma ghafla, nikazeeka ndani ya wiki moja. Joto la ghafla usiku, shuka linaloa, mifupa inauma. Hili nalo tuulizwe, maana kuna dawa za kusaidia na hatuambiwi mpaka tuseme. Ninamlea binti wa marehemu dada yangu, sasa yuko darasa la nne. Uchungu haujaisha, sitadanganya. Lakini niliulizwa, nikaeleza, nikajibiwa na sababu nikazielewa. Kuna wenzangu walizinduka kwenye usingizi ndipo wakaambiwa nini kimetolewa. Hao wana kidonda kingine kabisa.

#8 BintiKirumba

Hadija dada yangu, asante. Umeandika kitu ambacho mimi nisingeweza. Nitakutafuta.

Nimalizie ya ujauzito, kwa maana kuna jambo lilitaka kuniharibia kila kitu.

Tulifunga ndoa 2021. Mume wangu nilimwambia kila kitu siku tulipoanza kuzungumza ya ndoa, na kliniki iliyofuata nilikwenda naye, akauliza mwenyewe. Tulikaa miezi 11 bila mimba. Tulipokwenda kupima, alikubali kupima mbegu siku ile ile, hakungoja nimalize vipimo vyangu mimi. Wanaume mnaosoma, hilo lilinipa nguvu kuliko maneno yoyote. Mwezi wa 12 nikaona mistari miwili tena. Mnaweza kufikiri furaha. Nilitetemeka nikakaa chini, kwa sababu mara ya kwanza mistari ile ilikuwa kansa. Mume wangu alinibeba kwenda utrasaundi, kwa kweli miguu ilikataa. Mtoto alikuwa ndani ya kizazi, wiki 6, moyo unapiga.

Wiki ya 8, kwenye kituo kingine karibu na nyumbani, mpimaji akaona uvimbe wa sentimita 5 wenye maji kwenye ovari yangu ile moja. Daktari wa pale alipoona historia akataka nipasuliwe haraka. Na vipimo vya damu vilivyochukuliwa siku hiyo, AFP na CA-125 (kipimo kingine cha damu cha kansa ya ovari), vilikuwa juu. Ndugu zangu, usiku ule sikulala.

Asubuhi nikampigia daktari wangu wa saratani. Akaniambia nitulie, nimtumie picha. Akanieleza hivi: yai likishatoka, pale lilipotokea kwenye ovari panabaki kifuko kinachotoa homoni ya kuishikilia mimba, mpaka kondo lichukue kazi hiyo kuelekea wiki ya 10. Kukiondoa mapema ni kuhatarisha mimba. Mara nyingi kinanywea chenyewe. Na AFP na CA-125 hupanda kwa mimba yenyewe, hCG ndiyo kabisa, kwa hiyo damu za namna hiyo haziwezi kusomwa kama kipindi cha kawaida. Tukakubaliana utrasaundi irudiwe wiki ya 14 na mtu mzoefu. Iliporudiwa hakikuwepo.

Kwa hiyo aliyepona kansa ya ovari akishika mimba, daktari wa saratani na wa kliniki ya wajawazito wawe wanajuana tangu mwanzo. Mimi niliwapa namba wakapigiana mbele yangu.

Na jambo jingine ambalo halisemwi. Mliopata bleomisini, andikeni jina hilo kwenye kadi ya kliniki kwa herufi kubwa. Dawa ile inaweza kuacha kovu kwenye mapafu, na mtu wa usingizi lazima ajue kabla, maana oksijeni nyingi isiyo ya lazima inaweza kuyaumiza. Kuwa na ovari moja si sababu ya kupasuliwa, mimi nilipasuliwa kwa kuwa mtoto alikaa matako chini. Daktari wa usingizi alisoma kadi, akasimama, akaniuliza ni mizunguko mingapi na mwaka gani. Akachagua sindano ya mgongo. Nilimsikia mwanangu akilia nikiwa macho.

Alizaliwa na kilo 3.1. Watu waliniuliza kama kemo itamwathiri. Niliambiwa, na ndivyo tafiti za watoto wa waliopona zinavyoonyesha, kwamba ukishamaliza matibabu na kusubiri muda wako, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro haizidi ya mama mwingine yeyote. Sasa ana miezi 7. Ananyonya, anavuta nywele zangu zilizoota upya, zimejisokota tofauti na za zamani.

#9 Kaka wa Mbozi

Dada samahani kuingilia. Mdogo wangu wa kike ana miaka 17. Uvimbe wa ovari ya kushoto, upasuaji ni Jumatatu. Sisi ni watu wa kijijini, mzee hajui hata aulize nini. Naomba uniandikie maneno ya kumwambia daktari.

#10 BintiKirumba

Pole kaka yangu. Nakili haya kwenye karatasi uende nayo, na baba awepo kwa sababu ndiye atakayetia saini.

Je, damu ya AFP, hCG na LDH imechukuliwa? Ichukuliwe kabla ya kisu.
Ovari ya kulia na kizazi vinaonekanaje? Kama ni vizima, tunaomba viachwe mpaka majibu ya patholojia yatoke. Inawezekana?
Uvimbe utatolewa mzima bila kutobolewa?
Baada ya hapo tutapelekwa kwa daktari wa saratani yupi, na lini?

Soma fomu ya ridhaa mstari kwa mstari. Kama imeandikwa vitu ambavyo hamjaelezwa, omba waeleze kabla ya kalamu. Uliza kwa upole, usigombane na mtu. Na mdogo wako aambiwe, ana miaka 17, mwili ni wake.

#11 Kaka wa Mbozi

Dada nimerudi. Amepasuliwa jana. Nilisoma yale maswali mbele ya daktari, hakukasirika. Alichukua karatasi akaandika majibu mbele ya kila swali, na kwenye fomu akakata mstari mmoja akaandika upya. Wametoa kushoto tu. Kulia amesema pazuri, amepakagua kwa macho na kwa mkono. Damu ya LDH ilisahaulika, wameichukua asubuhi ile ile kabla hajaingia. Patholojia wametuambia wiki tatu.

Ameamka. Kitu cha kwanza aliuliza kama wameacha kimoja. Nilikuwa nimekaa hapo kitandani.

#12 BintiKirumba

Kaka nimesoma kwa sauti, mume wangu naye amesikia. Mpe pole mgonjwa, mwambie akikohoa abane mto kwenye kidonda, maumivu yatapungua. Wiki tatu ni ndefu, ila wiki ya pili mpigie mtu wa maabara umuulize kama kipande kimefika kweli, changu kilikaa kwenye friji ya hospitali siku 9 bila kutumwa. Majibu yakitoka uniandikie, hata ikiwa usiku. Mtoto huniamsha saa nane, nitakuwa macho.